Breki ni Dole Gumba

Mifukoni mwa koti la Lorna Tansley mlikuwa na viazi viwili vya kuchemsha, kimoja kulia na kimoja kushoto. Saa mbili asubuhi, alipoegesha gari kwenye lango la shamba, vilikuwa bado vya moto. Alizima injini akakaa kidogo, amevishika viazi vyake kama mtu aliyeshika mikono ya watoto wawili. Kisha akajiambia, haya, miaka saba imetosha, akafungua mlango.

Chama cha Wavuvi wa Marnby kina watu ishirini na wanne, hawazidi, hawapungui. Nafasi haipatikani mpaka mmoja afe, au magoti yamkatalie kushuka ukingoni. Mwezi wa kumi na moja alikufa mzee mmoja wa Newark, na jina la Lorna, lililokuwa likipanda orodha polepole tangu akiwa na miaka arobaini na minne, likafika juu. Lakini jina kufika juu si kuingia. Mtu hupimwa siku moja, mbele ya wanachama wawili, kwa gurudumu la pini na si jingine. Boya lake lishuke na maji yadi hamsini bila kusita, mara tatu. Kisha ashike samaki mmoja wa maana na kumrudisha mtoni akiwa hai, kwa mikono yake mwenyewe. Mshipi ukikatika na samaki akaondoka na ndoana mdomoni, jina linarudi mwisho wa orodha, na hakuna wa kumlilia. Leo Lorna alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Akirudi mwisho wa orodha, basi tena.

Gurudumu la pini ni rahisi kulieleza, kazi ni kulitumia. Ni duara la chuma chepesi lililoviringishiwa mshipi, hufungwa kwenye ufito na kuzunguka juu ya msumari mmoja katikati. Halina gia, halina breki. Maji yakivuta boya, duara huzunguka na kuachia mshipi, na anayetaka kulipunguza mwendo huweka dole gumba pembeni mwake. Breki ni dole gumba. Ukikandamiza mno, boya linasita na samaki anashtuka. Ukilegeza mno, duara linaukimbia mshipi wake na unabaki na mshipi uliojisokota kama kiota cha ndege mkononi.

Na dole gumba la Lorna lilikuwa likifa.

Halikufa kila siku. Lilikufa kwenye baridi, pamoja na vidole vingine vitatu vya mkono wa kulia na viwili vya kushoto. Vilianza kuwa vyeupe kwenye ncha, weupe ukashuka hadi pingilini, na hapo ungeweza kuvichoma kwa sindano asijue. Miaka ishirini na miwili alikuwa katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, akisaga makali ya vyuma vilivyotoka kwenye kalibu, na mashine ya kusagia ilitetemeka mikononi mwake toka asubuhi hadi jioni. Usiku alipolala mikono iliendelea kutetemeka peke yake, kama mbwa anayeota. Daktari wa kiwanda alipoona vidole vile alimhamishia stoo, awe anahesabu misumari. Wenzake aliwaambia amepandishwa cheo. Kwa nini alisema hivyo hata yeye hakujua vizuri. Labda ni kwa sababu katika chumba kile cha kusagia hakuna aliyewahi kusema kinachomuuma.

Ndio maana walipomuaga walimpa gurudumu la pini kuwa zawadi. Trevor wa mashine ya kukerezea alichukua kipande kizuri cha alumini kilichobaki, akakikereza wiki tatu wakati wa chakula.

"Saa za ukutani tumechoka kugawa," alisema siku ya kuagana. "Wewe kila siku unasikiliza habari zetu za mto kama mtoto anayesikiliza habari za sikukuu. Haya, nenda. Ligonge kwa ukucha uone."

Aliligonga. Likazunguka dakika moja na nusu bila sauti. Wakampigia makofi. Walimpa kitu ambacho breki yake ilikuwa kidole chake kibovu kuliko vyote, na hakuna aliyejua.

Alijifunza mwenyewe, mjini, chini ya daraja, kati ya mitumbwi ya wanafunzi na mbwa wa watu. Nyumbani alilifunga gurudumu kwenye mpini wa ufagio akafanya mazoezi jikoni, huku akipima moto wa chai kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maziwa ya chupa, kwa sababu vidole havikumwambia tena kama kikombe ni cha moto au cha baridi. Mkono uliofundishwa kukandamiza ulianza, polepole sana, kujifunza kugusa. Hakuna jambo jingine maishani mwake lililokuwa likimtaka afanye kidogo hivyo. Na kila majira ya baridi weupe uliposhuka mbali zaidi, alijiuliza kama atafika Marnby kabla haujafika kiganjani.

*

"Umewahi," alisema Wilf Gadsby, katibu wa chama, mzee wa miaka sabini na minane aliyebeba daftari la chama ndani ya kopo la biskuti. "Hiyo ni dalili njema, mwanangu. Neville hapa alikuja siku yake kachelewa saa nzima."

"Nilipotea njia," alisema Neville Wass, mwanachama wa pili aliyekuja kumpima.

"Umezaliwa kijiji cha pili kutoka hapa."

"Ndio hapo mtu anapotea, Wilf. Ugenini huwa nauliza."

Neville alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye kofia ya sufu iliyopauka. Lorna alimjua kwa sifa. Alijua pia kwamba jina la pili kwenye orodha, chini ya lake, lilikuwa la mume wa binti yake Neville. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Lilitembea nao tu hadi mtoni, watu watatu na jambo moja.

Mvua ya siku tatu ilikuwa imeyapasha maji joto kidogo na kuyatia rangi ya chai hafifu, lakini upepo uligeuka usiku, na sasa ulivuma kutoka mashariki, mkavu, wenye makali. Zilibaki siku tisa mto ufungwe ili samaki watage. Lorna alifunga boya, akabana chubwi ndogo ndogo za risasi kwenye mshipi kwa meno, akatia funza wawili kwenye ndoana. Kila alipomaliza kitu kimoja alirudisha mikono mfukoni.

"Una nini humo?" Neville aliuliza. "Muda wote unapapasa kama una kifaranga."

"Viazi."

"Viazi! Wilf, bibie kaja na chakula cha mchana cha mfukoni. Chumvi je?"

"Chumvi imo mfuko wa ndani," alisema Lorna, na Wilf akacheka. Neville naye alitabasamu kidogo, lakini macho yake yalibaki kwenye mikono ile.

Boya la kwanza lilishuka vizuri. Aliliachia kwenye mkondo, akaweka dole gumba pembeni mwa gurudumu, na bado lilikuwa na uhai, bado lilisikia chuma kikipita chini yake, laini kama mkanda wa hariri. Yadi kumi, ishirini, arobaini. Ncha nyekundu ya boya ilikwenda wima, haikuinama wala kusita.

"Moja," alisema Wilf, akaandika.

La pili lilishuka vilevile. Lakini lilipofika mwisho na yeye kuanza kukunja mshipi, aliona ncha ya dole gumba imekuwa na rangi ya mshumaa. Akaingiza mkono mfukoni. Kiazi kilikuwa baridi.

Angeweza kusema wakati ule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Lorna hakuhitaji wahenga, alikuwa na akili zake. Lakini alimwona Neville akipiga mguu chini kwa baridi na kutazama saa, akamfikiria yule mkwe, kijana wa miaka thelathini mwenye vidole kumi. Akatupa mara ya tatu.

Alipotaka kulisimamisha gurudumu boya lilipogusa maji, dole gumba lilifika kwa kuchelewa. Au lilifika mapema likagusa kidogo mno, hakujua, na hilo ndilo lililokuwa baya. Gurudumu liliendelea kukimbia baada ya mshipi kutulia. Uzi ukapanda, ukavimba, ukamwagika nyuma ya duara na kujifunga kwenye pini.

"Ewe mama," alisema Neville. "Kiota hicho. Subiri kidogo, kitapata mayai."

"Mwache," Wilf alisema.

Dawa ya kiota cha nyuma ni moja, kulitoa duara kwenye pini yake. Lorna alipiga magoti, akalitoa, na vidole vyake vilivyokuwa kama vya mtu mwingine vikashindwa kulishika. Liliponyoka. Lilisimama kwa ubavu kama sarafu, likaanza kuteremka ukingo, likipita kwenye nyasi, kwenye kokoto, kuelekea majini. Lorna alijitupa mbele kwa tumbo. Mkono wake haukuwahi, ila jiwe liliwahi. Duara liligonga jiwe, ting, likalala chali hatua moja kutoka mtoni.

Hakuna aliyecheka sasa. Aliliokota kwa mikono miwili, akalifuta kwa shati. Pembeni, pale Trevor alipokuwa amelainisha wiki tatu, palikuwa na kovu dogo lililobonyea.

"Tuseme imetosha?" Neville aliuliza. Sauti yake haikuwa mbaya, na hilo lilimuuma Lorna zaidi. "Baridi hii si ya mtu. Wilf atakuandikia siku nyingine."

"Sheria inasema siku moja," alisema Wilf taratibu.

"Najua sheria inavyosema."

"Bado sijamaliza," alisema Lorna.

Alilifungua tanzi robo saa nzima, akitumia meno. Kisha akatupa tena, na safari hii hakulitegemea dole gumba, alilitegemea jicho. Alilitazama lile kovu likizunguka, akalazimisha kidole chake kuligusa duara pale tu kovu lilipoanza kwenda kwa haraka. Boya lilishuka yadi hamsini. Liliyumba mara moja, karibu na mti ulioinama, lakini halikusita.

Wilf alimtazama Neville. Neville alitazama mto muda mrefu kidogo.

"Lilishuka," alisema mwishowe.

"Tatu," alisema Wilf.

*

Wakala mikate ya mviringo yenye nyama ya nguruwe na vitunguu vya siki. Lorna hakula. Alishika kikombe cha chai ya Wilf kwa viganja, si kwa vidole, na alipokirudisha aliona Neville bado anamtazama.

Saa sita na nusu boya lilipotea. Halikuzama polepole kama linapovutwa na majani. Lilinyakuliwa tu. Lorna akainua ufito, na mwisho wa ufito pakawa na uzito uliotulia, kama ameinasa nchi yenyewe. Kisha nchi ikaanza kutembea.

"Kuyu," alisema Wilf, akasimama. "Huyo ni kuyu, mwanangu. Mkubwa. Usimzuie bado."

Kuyu hapigi kelele. Hashuki wala hapandi, hulala chini kwenye kokoto na kuondoka kama ng'ombe aliyekata shauri. Gurudumu likaanza kuzunguka, kwanza taratibu, kisha kwa kasi hadi likawa kama ukungu, na vishikio vyake viwili havikuonekana tena. Mshipi ulikuwa mwembamba. Chini, yadi sitini hivi, palikuwa na ule mti ulioinama, mizizi yake yote majini. Akifika kwenye mizizi mshipi utakatika, na ndoana itabaki mdomoni.

Lorna alikandamiza dole gumba. Aliliona likikandamiza. Hakusikia kitu. Akaongeza, na ufito ukainama hadi mshipi ukaimba kwa sauti nyembamba sana, akaogopa, akalegeza, na samaki akachukua yadi kumi kwa mpigo. Akakandamiza tena. Vishikio viligonga pingili zake, aliona mkono ukiruka, lakini ulikuwa mkono wa mtu mwingine kwenye dirisha la mbali.

"Bibie," alisema Neville. Alikuwa amesogea karibu. "Unatoka damu."

Lorna akatazama. Ngozi ya dole gumba ilikuwa imesagika, na pembeni mwa gurudumu kulikuwa na utando mwekundu unaong'aa. Ndiyo maana halikuwa likishika. Alikuwa amelilainisha kwa damu yake.

"Husikii?"

Mshipi ulikuwa ukienda. Mti ulikuwa pale pale.

"Sisikii," alisema Lorna. "Vidole vyangu vimekufa. Huwa vinakufa na baridi, ni miaka sasa. Sisikii chochote, Neville, sijui nakaza au nalegeza."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na alilisema kwa mtu ambaye mkwe wake alisimama nyuma ya Lorna kwenye orodha. Hakuwa na nafasi ya kujuta. Neville alinyoosha mkono kama anayetaka kuushika ufito, kisha akaurudisha haraka, maana Marnby ufito wa mwenzako wenye samaki haushikwi. Ukishikwa, samaki si wa mtu na siku imekwisha.

"Sasa unasikia wapi?" alifoka. "Si kuna mahali unasikia? Mwili mzima haujafa!"

Lorna akakumbuka kikombe jikoni. Akakunja mkono wa kushoto, akavuta mkono wa koti kwa meno, akaubandika upande wa ndani wa kifundo chini ya gurudumu.

Chuma kilikuwa baridi, na alisikia kuwa ni baridi. Alisikia damu, utelezi wake. Na alisikia kovu. Kila gurudumu lilipozunguka mara moja, kovu liligusa ngozi yake nyembamba pale mishipa ilipopita, tik, tik, tik, upesi kama moyo wa ndege. Alipoegemeza kifundo, tik zikapungua. Alipolegeza, zikaongezeka. Akajua sasa. Akaegemeza zaidi, kidogo, kidogo tena, kama unavyombembeleza mtoto akuachie kisu bila kumnyang'anya.

Tik. Tik.

Tik.

"Amesimama," alinong'ona Wilf.

Alisimama hatua mbili kabla ya mizizi. Walikaa hivyo, mwanamke na samaki, hakuna anayempa mwenzake kitu, na Lorna aliuona mti vizuri, mpaka mfuko wa plastiki ulionasa kwenye tawi. Kisha kichwa cha samaki kikageuka.

Ilichukua dakika ishirini kumleta. Wavu wa mpini aliushika mwenyewe kwa kuubana kwapani. Samaki alikuwa wa rangi ya shaba, mapezi kama yamechovywa kwenye mchuzi wa nyanya, sharubu nne. Wilf alimpima ndani ya wavu, ratili tisa na robo. Ndoana ilikuwa kwenye kona ya mdomo. Lorna aliichomoa kwa koleo.

Lakini siku haikuwa imekwisha. Kuyu huchoka hadi kufa. Ukimwachia kabla hajapata nguvu hugeuka tumbo juu na mto humchukua. Lazima umshike majini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka mwenyewe aombe kuondoka. Lorna aliingia mtoni hadi magotini, akapiga magoti, akazamisha mikono yote miwili katika maji yale.

Weupe ulipanda hadi kiganjani. Alimlaza samaki juu ya mikono, kati ya kifundo na kiwiko. Vifundo vilikaa na uhai kwa dakika tatu hivi, kisha navyo vikanyamaza. Alikuwa amekumbatia kitu asichokisikia. Hakujua kama kinapumua.

"Neville," alisema, meno yakigongana. "Anapiga mkia?"

Neville aliingia majini na viatu vyake. Alichuchumaa kando yake, mikono ameiweka nyuma ya mgongo ili Wilf aione.

"Bado. Anafungua mdomo tu."

"Sasa?"

"Bado, tulia. Umegeuka kidogo, mrudishe. Hapo. Mkwe wangu hawezi kukaa hivi dakika mbili, nakwambia. Angekuwa keshapiga simu kwa mama yake."

"Sasa?"

"Mkia unakwenda. Mara moja. Subiri, usiwe na haraka na kiumbe cha watu. Anasukuma. Anasukuma, Lorna. Fungua."

Alifungua mikono. Hakusikia akiondoka, aliona tu mgongo wa shaba ukiteleza kwenye maji ya rangi ya chai, kisha maji matupu.

Walimwinua wote wawili kwa makwapa. Kwenye gari la Wilf moto uliwashwa mpaka mwisho, na baada ya muda damu ikaanza kurudi vidoleni. Ilirudi kama upupu, kama miiba inayopita ndani kwa ndani, na Lorna aliinama akauma kola ya koti ili asilie mbele yao. Akalia hata hivyo. Wilf alifungua kopo la biskuti, akaliweka daftari juu ya magoti yake na kumwonyesha mstari.

"Jina na sahihi, mwanangu. Hatuna haraka."

"Siwezi kushika kalamu bado."

"Nimesema hatuna haraka."

Neville, kiti cha nyuma, alikuwa akikamua soksi zake dirishani. "Na vile viazi," alisema. "Mwakani utaleta vinne, na viwili vitakuwa vyangu."

Lorna alingoja. Vidole vilikuwa vyekundu sasa, vimevimba, vinauma kila kimoja peke yake. Dole gumba liliuma kuliko vyote. Alipolihisi vya kutosha, aliichukua kalamu.